Ufafanuzi wa Kurani na Kuvumiliana kwa Dini katika Upwa wa Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu huelekea kwenye ngoma, mashairi, kazi za mikono na mila za wazee. Ni nadra kukumbuka kwamba elimu ya dini nayo ni sehemu ya urithi huo, na kwamba masheikh waliokaa misikitini kizazi baada ya kizazi wakiifafanua Kurani kwa Kiswahili walikuwa wakijenga pia desturi ya kufikiri na ya kujadiliana. Insha hii yakusudia kuitazama desturi hiyo kwa upande mmoja tu, nao ni jinsi wafafanuzi wa Kurani katika sehemu zetu walivyolikabili suala la kuishi pamoja na watu wa imani nyingine.

Suala hili si jepesi, wala si la wanavyuoni peke yao. Katika nchi ambamo Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa dini ya jadi hupanga nyumba moja, hufanya kazi katika kiwanda kimoja na pengine huwa ni ndugu wa tumbo moja, maana inayotolewa kwa aya moja yaweza kuuletea mtaa amani au kuutia moto. Rai yetu ni kwamba uvumilivu unaosifiwa katika upwa wetu haukutokana na kukosekana kwa mabishano. Mabishano yalikuwako tena makali. Uvumilivu ulitokana na kanuni za kuisoma aya, na adabu ya kumjibu mpinzani kwa hoja. Pale kanuni hizo zilipoachwa, au pale mwenye nguvu alipoona hazimfai, madhara yalionekana.

Darsa na sababu za kushuka kwa aya

Kabla ya kuwapo Kurani iliyochapwa kwa Kiswahili, tafsiri ilikuwa ni kazi ya ulimi. Katika miji ya Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko, watu walikusanyika msikitini, hasa katika mwezi wa Ramadhani, kusikiliza darsa. Sheikh alisoma Kiarabu cha kitabu kiitwacho Tafsiri ya Jalalaini, kisha akaeleza maana kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu. Kitabu hicho kilitungwa Misri na wanavyuoni wawili, Jalaluddin al-Mahalli aliyefariki mwaka 1459 na mwanafunzi wake Jalaluddin as-Suyuti aliyefariki 1505. Ni kifupi, na kwa ajili hiyo kilipendwa na walimu. Lakini ufupi wake ulimlazimu mwalimu kuongeza maelezo yake mwenyewe, na humo ndimo hekima au upungufu wa mwalimu ulimodhihirika.

Kanuni moja kubwa ya darsa ilikuwa ni kuuliza sababu ya kushuka kwa aya. Hapakuwa na ruhusa ya kuinyakua aya na kuitupa barabarani bila ya kujua ilishuka lini, kwa ajili ya nani na katika tukio gani. Mfano ulio bora ni aya ya 256 ya Sura Al-Baqara, ambayo yakataza kumlazimisha mtu katika dini. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba katika Madina ya kale mwanamke aliyekuwa akifiwa na watoto aliweka nadhiri ya kumlea katika Uyahudi mtoto atakayeishi. Walipohamishwa Mayahudi wa kabila la Banu Nadhir, katika mwaka wa nne wa Hijra, walikuwamo miongoni mwao vijana wa namna hiyo. Wazee wao, waliokuwa wamekwisha silimu, wakataka kuwazuia na kuwarudisha kwa nguvu. Ndipo aya iliposhuka kuwakataza.

Yafaa kuyazingatia masimulizi haya. Waliokatazwa hawakuwa maadui wa mbali, bali ni wazazi wenye uchungu wa watoto wao. Hakuna shuruti inayosameheka kwa wepesi kuliko ya mzazi kwa mwanawe, na hata hiyo ilikataliwa. Mwalimu aliyeieleza aya kwa njia hii aliwafundisha wasikilizaji wake kwamba imani haipandikizwi moyoni kwa mkono wa mtu mwingine.

Hata hivyo si haki kudai kwamba wafafanuzi wote waliafikiana. Imam at-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, ameorodhesha kauli mbalimbali. Wako waliosema kwamba aya hii ilihusu wale vijana wa Madina tu. Wako waliosema kwamba hukumu yake ilifutwa na aya za vita zilizoshuka baadaye. Tabari mwenyewe hakukubali kwamba imefutwa, lakini aliiweka mipaka, akaona kuwa yawahusu Mayahudi, Wakristo na wengine ambao dola ya Kiislamu ilikubali kupokea kodi yao. Karne kumi baadaye, Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki 1905, na mwanafunzi wake Rashid Ridha, katika jarida la Al-Manar lililoanza kutolewa mwaka 1898, walikwenda mbele zaidi. Wao waliifanya aya hiyo kuwa ni msingi mkuu wa dini yenyewe, kwa hoja kwamba imani ni kukiri kwa moyo, na moyo haushurutishwi.

Mawazo ya Al-Manar yalifika mpaka kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alikuwa msomaji wake. Mnamo mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuwa mtu wa kunyamazia hoja za wamisionari, kwani aliwajibu kwa ukali. Lakini silaha yake ilikuwa kalamu, na shabaha yake hasa ilikuwa ni ujinga wa Waislamu wenyewe, ambao aliwahimiza waitafute elimu mpya kama wenzao walivyoitafuta.

Madhehebu mawili chini ya dola moja

Uvumilivu wa kwanza uliohitajika haukuwa baina ya Waislamu na Wakristo. Ulikuwa baina ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe. Sayyid Said alipoifanya Unguja kuwa makao yake katika karne ya 19, watawala walikuwa ni Waibadhi kutoka Oman, na raia Waislamu walio wengi walikuwa Wasuni wa madhehebu ya Shafii. Utaratibu uliokubaliwa ulikuwa ni kuweka makadhi wa pande zote mbili, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake.

Utaratibu huo ulidumu, lakini haukuwa salama siku zote. Katika enzi ya Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mabishano ya madhehebu yalipamba moto, na mwanachuoni wa Kishafii, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alitiwa kifungoni. Huyo ndiye baba yake Sheikh Al-Amin tuliyemtaja. Barghash huyuhuyu ndiye aliyeleta mtambo wa kupigia chapa vitabu vya elimu. Historia basi yatufunza kwamba mtawala aweza kuwa mpenzi wa vitabu na bado akamfunga mwenye kitabu kingine. Uvumilivu unaotegemea radhi ya mkubwa hauna mizizi.

Wamisionari na lugha ya pamoja

Johann Ludwig Krapf alipofika Unguja mwaka 1844, Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Huko Mombasa, Krapf alipoanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, alisaidiwa na kadhi wa mji. Jambo hili lastahili kuangaliwa vizuri. Mwanachuoni wa Kiislamu, aliyejua wazi dini ya mgeni wake, hakuona kuwa kumsaidia kupata neno sahihi ni kuiuza imani yake.

Vivyo hivyo huko Unguja, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyefariki 1896, alikuwa akijadiliana mambo ya dini na Edward Steere, aliyekuwa askofu wa misheni ya Waingereza tangu 1874 mpaka kufariki kwake 1882. Hakuna aliyemwongoa mwenzake. Kila mmoja alibaki katika dini yake, na majadiliano yakaendelea.

Matunda makubwa ya kukutana huko yamo katika lugha. Wamisionari walipotafsiri Biblia hawakubuni msamiati mpya. Waliyachukua maneno waliyoyakuta vinywani mwa watu: dini, imani, sala, dhambi, toba, roho, malaika, nabii, shetani na sadaka. Mengi ya hayo yana asili ya Kiarabu na yalikuja pamoja na Uislamu. Na kwa jina la Muumba mwenyewe, Mwislamu wa pwani alikuwa amekwisha kulitumia neno Mungu, ambalo ni la Kibantu na lina umri mkubwa kuliko msikiti na kanisa katika nchi hizi. Hivyo dini mbili zilizoshindana zilijikuta zikitumia kamusi moja. Mkristo wa bara asemapo kwamba ametubu dhambi zake mbele ya Mungu, atumia maneno ambayo msikilizaji wake Mwislamu hahitaji kufasiriwa. Lugha hii ya pamoja haikufuta tofauti za itikadi, bali iliziwezesha tofauti hizo kusemwa na kusikiwa.

Tafsiri tatu

Yapendeza, na yashangaza kidogo, kwamba Kurani nzima ilichapwa kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza na kasisi. Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza huko Unguja alitoa tafsiri yake mwaka 1923, na makusudi yake hasa yalikuwa ni kuwapa walimu wa misheni ujuzi wa kitabu walichokuwa wakibishana nacho. Waislamu wengi hawakuiamini, na si ajabu. Hata hivyo iliwaachia swali zito: iweje wao wenyewe wasiwe na tafsiri yao?

Tafsiri ya pili ilitoka mwaka 1953, nayo ni kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1934 na kufanya kazi Tabora na Nairobi. Masheikh wa Kisuni waliikataa, kwa sababu ya itikadi ya Ahmadiyya juu ya utume baada ya Mtume Muhammad. Mmoja wa wapinzani wake wakubwa alikuwa Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1982, mwalimu, mshairi na mwandishi wa tarehe za wanavyuoni, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Al-Farsy alikuwa amekwisha anza kutoa tafsiri yake sehemu kwa sehemu, na mwaka 1969 ikachapwa yote Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu. Ndiyo iliyoenea kuliko zote majumbani mwa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na Kiswahili chake cha Unguja kimekuwa mfano kwa waliomfuata, kama Sheikh Ali Muhsin al-Barwani aliyetoa yake mwaka 1995.

Tafsiri hizi tatu zilizaliwa katika mashindano. Dale aliwalenga Waislamu, Mubarak Ahmad akawajibu wamisionari, na al-Farsy akawakosoa wote wawili kwa maneno yasiyofichwa. Je, hapa uvumilivu uko wapi? Uko katika jambo moja tu, lakini ni jambo kubwa: kila kitabu kilijibiwa kwa kitabu. Aliyeona kosa alikaa miaka mingi akaandika lililo sahihi kwa maoni yake, na wasomaji wakafaidika kwa kupata maandishi matatu ya Kiswahili safi badala ya moja.

Na wakati masheikh walipokuwa wakibishana, wananchi walikuwa na mizani yao. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mfuasi wa Ahmadiyya na mbashiri wa itikadi hiyo. Lakini mwaka 1960 alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mji wenye Wasuni wengi, na baadaye akawa waziri katika serikali ya nchi huru hadi kufariki kwake 1964. Washairi wa kila dini walimfuata katika kanuni zake za utungaji. Tofauti ya itikadi haikumwondolea haki ya kuutumikia umma.

Nani kafiri, na kisu ni cha nani?

Kuna neno moja ambalo limewatia watu wetu katika matatizo zaidi ya mengine yote, nalo ni neno kafiri. Katika Kiarabu cha Kurani asili yake ni kufunika, na hutumika kwa mwenye kuikanusha haki au kuikufuru neema. Kurani pia ina jina mbali kwa Mayahudi na Wakristo, yaani Watu wa Kitabu, na katika aya ya 46 ya Sura Al-Ankabut imewaamrisha Waislamu wasijadiliane nao ila kwa njia iliyo njema.

Lakini katika upwa wa karne ya 19, biashara ya utumwa ilipokuwa imepamba moto, neno kafiri lilichanganywa na neno mshenzi. Mtu wa bara aliitwa majina yote mawili pamoja, na dharau ya kabila na ya hali ikavishwa kanzu ya dini. Hata aliyesilimu aliweza kubaguliwa kwa ukoo wake. Kufafanua hivyo ni kinyume cha aya ya 13 ya Sura Al-Hujurat, ambayo yafundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba ubora ni wa uchaji Mungu. Walikuwako walioliona kosa hilo. Katika Lamu, Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki 1935, aliwafungulia mlango wa elimu ya dini watu wa tabaka la chini na vizazi vya watumwa, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji hawakulipenda. Msikiti wake wa Riyadha ulikuwa ni ufafanuzi wa aya hiyo kwa vitendo.

Jambo la pili ni la chakula. Aya ya tano ya Sura Al-Maida yahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, na wafafanuzi wamesema kuwa makusudio ni nyama waliyoichinja. Lakini wanasheria wa Kishafii waliweka sharti juu ya ukoo: asiyekuwa Mwisraili hahesabiwi katika Watu wa Kitabu ila kama wazee wake waliingia katika dini hiyo zama za kale, kabla ya kuja Uislamu. Kwa sharti hilo, Mkristo wa Afrika ya Mashariki ambaye babu yake alibatizwa juzi alikuwa nje ya ruhusa. Hapo palikuwa na hatari ya majirani kushindwa kula pamoja.

Watu wa kawaida walipata ufumbuzi bila ya mkutano wala azimio. Katika arusi, matanga na sherehe za mtaa, kisu alipewa Mwislamu, na nyama ikaliwa na wote. Mkristo hakupoteza kitu katika imani yake, na Mwislamu akala bila ya shaka. Huu ulikuwa ni ukarimu, na nguvu yake yote ilikuwa katika kuwa ni ukarimu.

Mtihani wa nchi huru

Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilijengwa juu ya kanuni kwamba serikali haina dini ingawa wananchi wake wanazo. Chama cha TANU, kilichoanzishwa 1954, kilimweka mbele Julius Nyerere, Mkatoliki kutoka bara, na wazee Waislamu wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono tangu mwanzo. Tangu hesabu ya watu ya mwaka 1967, raia hakuulizwa tena dini yake katika hesabu za taifa. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi mwaka 1984, imeufanya uhuru wa kuamini na kuabudu kuwa ni haki ya kila mtu.

Lakini sheria hulinda mlango tu, haiwezi kuingia moyoni. Katika miaka ya 1980 ilienea mihadhara ya uwanjani, ambamo wahubiri wa Kiislamu waliisoma Biblia ya Kiswahili ili kuwajibu Wakristo, na baadhi ya Wakristo wakafanya vivyo hivyo kwa Kurani. Kusoma kitabu cha mwenzako si kosa, kwani Dale na al-Amawi walifanya hivyo kabla. Tofauti ni kwamba uwanjani aya ilikatwa kutoka katika sababu yake na kupigwa kama ngumi, huku wasikilizaji wakishangilia. Darsa ilikuwa na mwalimu wa kusahihisha. Kipaza sauti hakina.

Matokeo yake tuliyaona. Mwezi wa Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Oktoba 2012, huko Mbagala, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia kwa kushambuliwa makanisa. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja ulileta kifo. Mambo haya ya mwisho yasikitisha kwa namna ya pekee, kwa kuwa yageuza kinyume mafundisho tuliyoyaeleza. Aya ya 40 ya Sura Al-Hajj huyataja makanisa na masinagogi pamoja na misikiti kuwa ni mahali panapostahili kuhifadhiwa, kwa kuwa humo jina la Mungu hutajwa. Na kisu kilichokuwa ishara ya ukarimu, kilipodaiwa kwa upande mmoja kama hukumu na kukataliwa kwa upande wa pili kama dharau, kilirudi kuwa kisu tu.

Hitimisho

Kuvumiliana hakumtaki mtu aseme kwamba dini zote ni sawa. Sheikh al-Farsy hakusema hivyo, wala Askofu Steere, na kumlazimisha muumini aseme hivyo ni shuruti ya namna nyingine. Sura Al-Kafirun, ambayo ni fupi na hata watoto wa chuoni huihifadhi, humalizia kwa kumwachia kila mtu dini yake. Maneno yake ni ya mtu asiyeyumba katika imani yake, na ni hayo hayo yanayompa mwenzake nafasi ya kusimama.

Kinachohitajiwa ni kuzirudishia heshima kanuni za darsa. Aya isomwe pamoja na sababu yake. Kauli za wanavyuoni zitajwe zote, hata ile isiyompendeza msemaji. Mpinzani ajibiwe kwa hoja. Mwalimu wa dini, awe wa madrasa au wa shule ya Jumapili, awafundishe vijana kwamba kitabu cha jirani ni amana, na kwamba anayekisoma ili kumdhalilisha jirani hajakisoma. Aya ya nane ya Sura Al-Mumtahana yawaruhusu Waislamu kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini. Katika mitaa yetu hao ndio wengi, nao ndio wanaotukopesha chumvi, wanaobeba majeneza yetu, na wanaosimama nasi katika foleni moja ya maji. Wema kwao haungoji fatwa mpya. Wazee wetu waliutenda kabla hatujazaliwa, na ni juu yetu kuwarithisha wanetu.